Salamu Iliyochorwa kwenye Nta

Bomba la bati liligonga kikapu, na kibuyu cha siagi kikayumba. Msichana akakidaka kwa mikono miwili kabla hakijaanguka. Ilikuwa siku ya soko Masisi, mwaka 1953. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migongo ya vilima, na wauzaji wa njegere, maharage na mtama walikuwa wamejaa mpaka kando ya njia ya magari. Kijana aliyebeba bomba lile begani, lenye mdomo mpana kama ua la boga, aligeuka kwa haraka kuomba radhi. Bomba likageuka pamoja naye, likaangusha kofia ya mzee mmoja.

"Kaka," akasema msichana, "hiyo iko baragumu ya malaika? Siku ya mwisho imefika, na sisi hatujauza hata kitu?"

"Unisamehe, dada. Si baragumu. Iko kinywa ya mashini."

"Mashini inakula nini?"

"Inakula sauti. Inaandika sauti ya muntu juu ya nta, kisha inaisema."

"Inaandika na wino gani?"

"Na sindano."

"Basi iko fundi wa nguo," akasema, na wanawake waliokaa karibu wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu.

Kijana huyo aliitwa Nestor. Alikuwa fundi katika karakana ya mgodi mmoja karibu na Walikale, na kila baada ya wiki mbili alipanda na lori kutoka msituni kuja kununua chakula cha wafanyakazi. Msichana aliitwa Drocella, binti wa Sebahire, mkulima wa vilima vile. Alivaa kitenge cha samawati chenye maua madogo meupe, kitambaa cheupe kimefungwa nyuma ya shingo, na tope jekundu la njia lilikuwa limempanda mpaka vifundoni. Nestor alinunua siagi ambayo hakuihitaji. Wiki mbili baadaye akanunua nyingine.

"Ile ya kwanza umeipeleka wapi?" Drocella akamuuliza.

"Nimepaka mashini."

"Siagi ya ng'ombe ya Papa yangu unapaka chuma! Ng'ombe akisikia, hatatoa maziwa tena."

"Basi nije nimuombe ng'ombe musamaha. Kwenu iko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyoifahamu njia ya kwenda kwa Sebahire. Kwa muda wa miezi minne aliipita kila alipopanda, na siku moja, walipokuwa wamesimama kwenye ua wa matete, alimwambia Drocella kwamba anataka kumuoa. Drocella alichomoa tete moja kwenye ua.

"Umekawia," akasema. "Nilifikiri unapenda siagi."

Lakini mapenzi yao yalikuta milango miwili, na kila mlango ulifungwa na ufunguo uliokuwa nyuma ya mwingine. Papa Benoît, baba yake Nestor, aliishi Ntoto, kule chini msituni. Maisha yake yote alikuwa mwindaji katika msitu ambamo majani humficha mtu aliye hatua kumi tu, na alikuwa amezoea kuwajua wenzake kwa sauti kabla ya kuwaona. Hakuwahi kutoa mahari kwa ajili ya mwanawe yeyote kabla ya kumsikia mchumba akimsalimu kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba, na hakuweza kupanda Masisi. Sebahire naye alikuwa na msimamo wake.

"Binti yangu hatakanyaga uwanja wa muchumba mbele ya mahari kutolewa," alimwambia Nestor kwa upole, bila kuacha nafasi ya kujadiliana. "Nakuheshimu, mutoto yangu. Lakini kuna jamaa ingine imenitumia ujumbe. Nitakungojea mpaka mutama uvunwe. Kisha nitawajibu wale."

Nestor alishuka msituni akiwa na wazo moja tu. Ikiwa Drocella hakuweza kwenda Ntoto, sauti yake ingeweza kwenda.

Mashine ile alikuwa ameiunda kwa mikono yake kutokana na gramofoni mbovu. Springi ilizungusha gurudumu. Parafujo ndefu ilisukuma sindano polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati. Na sauti iliyoingia katika bomba ilitetemesha sindano, ikachora mchirizi mwembamba juu ya kisahani cha nta. Nta yenyewe aliinunua kwa warina asali wa Ntoto, akaichanganya na utomvu wa mti ili iwe ngumu kidogo. Kusikiliza, aliweka mwiba wa ndimu mahali pa sindano. Hata hivyo nta ilikuwa laini, na mwiba ulipopita mara moja uliila. Sauti ilisikika mara moja tu, kisha ikabaki mikwaruzo. Kwa hiyo Nestor aliijaribu mashine mara nyingi kule Ntoto kwa sauti yake mwenyewe, mpaka ikasema sawasawa, akaibeba mpaka Masisi pamoja na kisahani kimoja kizuri ambacho hakijaandikwa.

Walifanya kazi asubuhi, katika uwanja wa Sebahire, pumzi zao zikitoka kama moshi. Drocella aliinama mbele ya bomba.

"Papa Benoît, jambo. Miye njo Drocella, mutoto ya Sebahire. Nakusalimia na heshima yote. Mungu akuponyeshe miguu."

Kule Ntoto sindano iliinua uzi mrefu wa nta. Hapa ilitoa unga. Nestor aliuona unga ule, akaupuliza, wala hakujiuliza lolote, kwa kuwa alikuwa akiisikiliza sauti.

Siku tatu baadaye, Papa Benoît aliketi kwenye kiti chake cha kamba, kichwa ameinamisha. Mwiba ulishuka. Kutoka katika bomba ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, kama ya kitoto kinachokariri sala.

"Nestor."

"Ndiyo, Papa."

"Huyu ana miaka ngapi?"

"Kumi na tisa, Papa."

"Kumi na tisa ya wapi? Huyu jino ya kwanza haijatoka! Nilikuomba bibi ya kuolewa, unaniletea mutoto wa darasa ya kwanza. Sitabariki kitu kama hii. Ondoa mashini yako."

Nestor hakuwa na cha kumwonyesha, kwa kuwa nta ilikuwa imekwisha kuliwa. Katika aibu yake aliandika barua fupi, akampa Jean-Bosco, dereva wa lori, aipeleke Masisi: *Papa anasema sauti yako si ya mwanamke. Miye mwenyewe sijui niseme nini.*

Jibu lilikuja nyuma ya karatasi ileile: *Kama hujui useme nini, usiseme. Mutama uko karibu kuiva.*

Aliyasoma maneno hayo mara nyingi. Kwanza aliona hasira. Baadaye akaona jambo lililomuumiza zaidi. Alikuwa amemweka Drocella mbele ya mashine, na mashine iliposema vibaya, alikuwa amemtilia shaka msichana. Alimimina visahani vitatu vipya, akaomba ruhusa kazini, akapanda Masisi na mashine yake.

Drocella alikuwa akichambua maharage mlangoni. Hakusimama.

"Kaka Nestor. Umeleta mizani ya kupima sauti?"

"Nimeleta musamaha."

"Weka pale, na ile ya ng'ombe."

"Drocella, sikia. Nilipaswa kuuliza mashini mbele ya kukuuliza weye. Nimekosa."

Aliendelea kuchambua. Punje moja mbovu, nyingine mbovu. Kisha akasema, "Basi uiulize sasa. Tena mbele yangu. Sema weye, tusikie."

Nestor alifunga kisahani cha kwanza, akainama mbele ya bomba, akataja jina lake, kazi yake na jina la baba yake kwa sauti nzito ya mtu anayetoa ushahidi. Kisha akaweka mwiba. Kutoka katika bomba mtoto mdogo mwenye haraka akatangaza kwamba yeye ni fundi wa mgodi.

Drocella alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akafunika uso kwa kitenge, na mwishowe maharage yote yakamwagika mapajani.

"Eh, mama yangu! Na huyu njo alitaka kunioa! Mutoto, mama yako anajua uko huku?"

Nestor naye akacheka mpaka machozi, na walipomaliza kucheka, ukali uliokuwa kati yao haukuwapo tena. Wakaanza kutafuta.

Alipaka alama ya chokaa pembeni mwa gurudumu, akatoa saa yake. Drocella alihesabu mizunguko kwa sauti. Bila sindano, au kwa mwiba mwepesi, gurudumu lilizunguka mara sabini na nane kwa dakika. Sindano ilipoanza kuchora tena kwenye kisahani kilekile, likafanya sitini tu.

"Inachoka," akasema Drocella. "Inaandika polepole, kisha inasoma mbio. Njo maana."

"Lakini Ntoto haichoki! Nimeijaribu mara ishirini."

Drocella aligusa unga wa nta kwa kidole, akausugua.

"Ntoto kuna joto. Hapa hata siagi asubuhi iko kama jiwe; usipoiweka karibu ya moto, kijiko kinavunjika. Kaka, ulitengeneza mashini ya chini, ukaileta kuandika juu."

Nestor alimtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona. Miezi mitano alikuwa amenunua siagi kwa mikono ile, na hakuwahi kufikiri baridi inaifanya nini.

Kisahani cha pili walikiweka kwenye ungo karibu na mafiga, nacho kikapata joto kupita kiasi. Sindano ikazama, ikavuruga kila kitu. Kikabaki kimoja. Safari hii Drocella alikishika mwenyewe, akikigeuza na kukijaribu kwa ukucha, kama afanyavyo kwa siagi.

"Sasa," akasema.

Uzi mrefu uliinuka kutoka kwenye nta. Nestor alihesabu, midomo ikicheza bila sauti: sabini na sita, sabini na saba. Drocella alisalimu taratibu, na hakukosea neno.

Ntoto, Papa Benoît hakutaka kuketi. Alisimama akishika fimbo, ameelekeza uso ukutani. Mwiba ulishuka, na sauti ya mwanamke mtulivu ikajaa chumba.

"Jambo, mutoto yangu," mzee akajibu. Sauti iliendelea. "Unasema Sebahire? Na mama yako anaitwa nani?"

Bomba lilimuombea miguu ipone, kisha likanyamaza. Mzee alingoja jibu.

"Ananiombea, lakini hanijibu," Papa Benoît akasema mwishowe. "Mwite kaka yako. Mupeleke mahari. Aje anijibu."

Mtama ulikuwa umeinamisha vichwa vyekundu vilimani Nestor alipofika na kaka yake na mahari, akamkuta Drocella kwenye ua wa matete.

"Alisema nini?"

"Amekuuliza jina ya mama yako."

"Na weye ukamujibu?"

"Hapana. Hakuniuliza miye."

Drocella alifungua mlango wa ua, akausukuma mpaka mwisho ili mahari ipite.

"Vizuri," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."