Televisheni ya Bibi Hilja

Kila siku akitoka shule, Signe humpitia bibi yake, Bibi Hilja, akapukuta theluji viatuni, wakanywa kahawa ya maziwa pamoja. Wiki ile mji mzima wa Hibbing ulizungumza jambo moja: vijana wao wameingia fainali ya hoki ya barafuni ya shule za jimbo la Minnesota, na Nils, kaka yake Signe, ni mmoja wao. Bibi hawezi kusafiri, nyonga inamsumbua. Na kwenye televisheni yake kuukuu, kile kisahani cheusi kinachogombaniwa juu ya barafu hakioni kabisa.

Baba aliamua kumnunulia mpya, akamtuma Signe akapime nafasi ya televisheni katika kabati la Bibi. Marehemu babu alilichonga kwa mkono wake, halikatwi. Signe aliitikia, kisha akaenda kuteleza barafuni na wenzake. Alipoulizwa, akajibu bila kupepesa, "Inchi hamsini inaingia, Baba."

Sasa wako dukani, fainali ni kesho. Muuzaji, mama mmoja mnene mcheshi, alikwishaburuta boksi la inchi hamsini hadi kwenye meza ya malipo.

"Ya punguzo hii, kaka. Ukitoka nayo, hairudi."

Baba akatoa pochi. Signe akamdaka mkono.

"Baba, ngoja! Sikupima."

"Umesemaje?"

"Nilikisia. Nilikwenda kuteleza."

Baba alimtazama mpaka Signe akainamisha kichwa. "Umepima kwa macho! Macho yako yamekuwa futi?" Akampigia Bibi simu. Bibi akachukua utepe wake wa kupimia nguo, akapima, akarudi simuni akihema. "Upana inchi arobaini. Hata unywele hauongezeki."

"Basi hii haiingii," alisema muuzaji. "Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Hii upana wake ni arobaini na nne. Chukueni ya arobaini na tatu, itaingia."

"Ndogo hivyo, tena bei iko juu?" Baba alifoka. "Mama yangu haoni vizuri, dada!"

"Yeye hukaa mbali nayo?" muuzaji aliuliza.

"Karibu sana," Signe alidakia. "Magoti yanakaribia kugusa kabati."

"Basi hicho ndicho unacholipia. Picha ni nukta nyingi ndogo, kaka. Hii ndogo ina nukta mara nne ya ile kubwa. Ukiikaribia ile, unaona ukungu."

Baba akaguna, akalipa. "Theluji ya mlangoni kwa Bibi utaikwangua wewe hadi majira ya baridi yaishe."

"Ndiyo, Baba."

Kesho yake televisheni ilikaa kabatini sawasawa. Signe hakutazama mchezo, alimtazama Bibi. Macho yale ya kizee yalikwenda kushoto, kulia, kushoto, halafu Bibi akapiga kelele, "Mpasieni Nils! Kisahani hicho hapo miguuni kwenu, vipofu nyie!"

Baba akacheka mpaka akakohoa. Wakati wa mapumziko, Bibi akamshika Signe mkono.

"Kupima ni kazi ya dakika moja, mjukuu wangu. Kusema kwamba hukupima ni kazi nzito zaidi, na hiyo umeiweza. Siku nyingine, anza na ile nyepesi."