Nusu Saa ya Mama

Asubuhi kwa Kola ilikuwa na raha yake. Tulimwita hivyo kwa sababu kiwandani alishona kola za mashati tu. Mikono na vifungo vilikuwa vya wengine. Alikuwa akimchana mama yake nywele.

"Wewe binti wa nani vile?" mama akauliza.

"Wako, mama. Ulininunua bei ya jumla."

Wakacheka. Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu. Akitoka nje hajui kurudi. Basi kila akienda kazini Kola alimfunga kiunoni kwa utepe wa kitambaa, akaufungia kitandani. Msimlaani bado. Kila adhuhuri alikimbia kumfungulia, akamlisha, akampeleka msalani, akawahi kengele. Kwa msimamizi alifanya siri, maana pale kiwandani anayetaja mgonjwa wa nyumbani ndiye hupunguzwa kazi kwanza.

Siku hiyo oda ilibana. Msimamizi akafuta mapumziko, geti likafungwa.

"Bosi, naomba nusu saa," Kola akasema. "Mama anaumwa."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Aliyevumilia miaka miwili hashindwi na mchana mmoja. Bila kola, dada, shati ni fulana."

Tukacheka. Nami nilicheka, nisiwafiche.

Fundi wa vifungo peke yake hakucheka. "Bosi, kola naziweza. Mwache aende, nitamshikia mashine."

"Kila mtu na mashine yake."

Tulifunguliwa jioni. Kola alitoka mbio, mimi na fundi wa vifungo nyuma yake. Tulimkuta mama ananing'inia ubavuni mwa kitanda, utepe umempanda mpaka kifuani, nguo zimelowa. Alikuwa akijaribu kwenda msalani. Pumzi ilikuwapo, ila kidogo. Siku ya tatu tukamzika.

Msimamizi alikuja msibani, mpole kama maji ya mtungini. "Dada, pumzika siku saba. Ni haki yako."

Kola akamtazama. "Za kumuuguza nani, bosi?"

Funzo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huuona mwepesi mpaka ukuangukie wewe. Kumfunga mgonjwa ni kosa, na Kola analijua kuliko sisi. Lakini wenye kazi, muulizeni mtu ameacha nani nyumbani, na akijibu asiogope kufukuzwa. Mpeni nusu saa, na mwenzake amshikie mashine. Nasi wafanyakazi, fundi wa vifungo alisema peke yake. Tulikuwa arobaini mle ndani.