Matuta Aliyoinua Leonia

Asubuhi ile Evodia alipika uji wa ulezi. Mumewe, Modesti, akanywa vikombe viwili, akabeba jembe, wakaenda shambani. Ilikuwa Novemba 1996, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Sumbawanga.

Shamba hilo lilikuwa la baba mkwe, pembezoni mwa mji. Marehemu aliwaachia watoto wake wawili, Modesti na dada yake Leonia. Biashara huria ilipochangamka, wenye maduka wa Majengo wakaanza kusaka viwanja, mji ukalifikia shamba, na kodi ya ardhi ikafuata. Modesti aliilipa kimyakimya ili risiti itoke kwa jina lake peke yake. Leonia alipoleta nusu yake, kaka mtu aliikataa. Mwenye risiti ndiye mwenye shamba, alisema. Ubishi uliisha pale alipompiga dada yake usoni kwa mpini wa jembe.

Leonia alitema jino. Hakulia. Kabla ya kwenda Mwazye kwa binti yake, alionyesha kwa kidole matuta ya mviringo aliyoyainua mwenyewe mwezi Machi, baada ya kufukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea.

"Kaka, risiti kaa nayo. Matuta usiyavunje mpaka nirudi."

Huku Ufipa, anayeinua tuta ndiye anayelivunja mvua zikinyesha, apande. Lakini mpima ardhi alikuwa anakuja mchana, na Modesti alitaka akute shamba lina jasho lake.

"Au nayo matuta yanalipa kodi?" alimwuliza mkewe, akicheka.

Alivunja la kwanza. Mkono ukachanika kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Jembe lilikuwa bado ardhini. Halikumgusa.

"Baba Steven," Evodia alinong'ona. "Acha."

Alisema ni nyasi tu zimemkata. Akavunja la pili. Paja likafunguka, mfupa ukaonekana. Hapo alitaka kuacha, Evodia alimwona machoni. Vidole havikuachia mpini. Jembe likapanda. Likashuka. La tatu, mbavu. La nne, tumbo. Matumbo yalimwagikia miguuni, naye bado amesimama. Evodia alimkumbatia kiuno, akaburutwa naye hadi tuta lililofuata. Jua lilikuwa utosini.

"Mwambie dada," Modesti alinong'ona. "Ni letu sote."

Jembe likapanda.

La tano lilikuwa koo.

Polisi walilichukua jembe. Lilikuwa na udongo, damu haikuwapo. Leonia alifika siku ya mazishi, Evodia akampa ule ujumbe. Akasema, "Basi wifi, mwakani tutalipa wote." Majirani wa Mwazye waliapa kwamba siku kaka yake alipokufa, Leonia alishinda nao, wakipukuchua maharage.

Urbano, aliyeosha maiti hospitalini, alimfuata Evodia baada ya arobaini. Katika kila jeraha alikuta nyasi nyeusi, zilizooza, zimelazwa upande mmoja kama mtu anavyozilaza kabla ya kufukia.

Za kooni zilikuwa mbichi, kana kwamba zimekatwa asubuhi ileile.