Kiapo cha Unfaithfully

—Nitampenda Tabita unfaithfully, hadi kaburini!

Amoni aliinua kidevu akingoja sifa. Posa ilikuwa imekwenda vizuri, na mshenga wake, mzee Osea, alibakiza neno la kufunga tu. Lakini mtunga mashairi aliyejifundisha mwenyewe angenyamazaje mbele ya mwalimu wa Kiingereza?

Mzee Zebedayo, baba wa binti, mwalimu wa shule ya misheni hapo Mbozi tangu Mwingereza aingie, aliweka kikombe cha kahawa chini.

—Rudia, kijana.

—An. Feith. Fu. Li! Amoni alilikata neno kwa vidole kama anayehesabu mizani ya shairi. "Un" ni una. "Faith" ni imani. "Ful", tele. "Ly" ni mkia wa kunogesha. Una imani tele!

Mashangazi wakapiga vigelegele.

—Kijana ameapa, alisema mzee Zebedayo taratibu, kwamba hatakuwa mwaminifu kwa binti yangu.

Vigelegele vikakatika.

—Labda Kiingereza chako kimezeeka, mzee! Amoni alibisha.

—Nyamaza, mwanangu, unatuzika! Osea alimvuta shati.

Tabita alichungulia kutoka jikoni.

—Amoni, hiyo "un" si una yetu. Inakana neno zima. Kama vile "si".

Masikio ya Amoni yaliwaka moto. Alitoka bila kuaga, akajitosa katikati ya mibuni. Tabita akamfuata.

—Niache, Tabita. Nimejivua nguo mbele ya baba yako.

—Kukosea neno si kitu. Umemtukana baba. Hapo ndipo uliponiaibisha mimi.

—Watanicheka mpaka Tunduma!

—Wacheke. Unanitaka mimi, au unataka kusifiwa?

Amoni alimtazama, kisha akageuka, akarudi mwenyewe, akapiga magoti mlangoni.

—Baba, nisamehe. Nimekutusi nyumbani kwako kwa kutaka nionekane msomi. Kiingereza sikijui.

—Na kiapo?

Beti zote alizotunga zilimkaukia mdomoni.

—Sitamwacha.

—Sema vizuri, sisikii.

—Tabita sitamwacha. Akiugua, akizeeka, hata akinicheka. Sitamwacha, baba.

Amoni alikuwa bado ameinamia sakafu, jasho likimtiririka puani, hakuthubutu kumtazama mtu.

—Ferista, mzee Zebedayo alimwita dada yake, mletee mkwe maji anawe. Chakula kinapoa.