Vipaumbele Ishirini vya Femke

Asubuhi hiyo Femke Terpstra hakugusa mkate wake. Mumewe, Jelle, aliupaka siagi na kuunyunyizia chokoleti kama anavyomfanyia mtoto, lakini wapi! Femke alikuwa mwenyekiti mpya wa chama cha kimataifa cha maktaba. Mchana angewasomea wanachama vipaumbele vyake, na aliogopa kweli kweli.

"Vipo vingapi?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Wietske. Mama huyu aliwahi kuongoza bodi ya matuta yanayozuia bahari isimeze mji wao.

"Ishirini, mama. Kila nchi imepata chake. Sitaki mtu anune."

"Ishirini! Huo mpango au gulio?"

Jelle alicheka. Femke hakucheka.

Simu ikalia. Alikuwa Soledad, mkutubi wa maktaba ndogo katika nchi ya mbali. Alinong'ona.

"Dada, askari wamekuja tena. Wanataka majina ya watu walioazima vitabu vya siasa. Nimekataa. Kesho wanarudi na pingu. Niko peke yangu. Chama kinasemaje?"

Femke alipekua mpango wake. Kuwalinda wakutubi kulikuwa namba kumi na tisa, baada hata ya kubuni nembo mpya ya chama.

"Nitakupigia," alisema, na aibu ikamshika.

Bi Wietske, aliyekaa karibu na simu, alikuwa amesikia yote. "Mwanangu, maji yalipopanda hatukugawa viroba vya mchanga sawasawa ili watu wasinune. Tungezama wote! Tuliwauliza walinzi wa tuta, wapi panavuja? Tukaanza hapo. Wengine walinung'unika, lakini walinung'unika wakiwa hai."

"Na wakinikataa?"

"Wakukatae. Kwani ulichaguliwa kugawa keki?"

Mchana Femke alisimama mbele ya wanachama.

"Nilikuwa na mambo ishirini," alisema. "La kwanza sasa ni hili: mkutubi anayetishwa asiachwe peke yake. Mengine yatafuata."

Akaeleza habari za Soledad bila kumtaja jina.

"Na mafunzo ya kompyuta mliyotuahidi?" mwanachama mmoja alifoka.

"Yatasubiri, kaka. Nisamehe."

Yule bwana alinuna. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akainua mkono. "Hata mimi wamenijia," alisema. Mkono mwingine ukainuka. Na mwingine. Kabla ya jioni walikubaliana: chama kitafute wakili, na wakutubi wa miji ya jirani, ambao Femke angewapa jina kwa siri, waende kwa Soledad.

Usiku Femke alimpigia Soledad kama alivyoahidi. Kesho yake alishinda na simu mkononi. Ilipolia, aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Wamekuja," alisema Soledad. "Wametukuta tumejaa mlangoni, wakili mbele. Wameondoka bila jina hata moja."

Femke akaangua kilio.

"Usilie, dada. Hata mimi nitalia nikishafunga. Sasa hivi nina wasomaji."