Aliyeitika Bashmuhandisi

Jumatatu asubuhi Nihal alimshukuru bosi wake kwa kazi ambayo bosi hakuifanya. Kosa lililoisumbua timu kwa siku tisa, katika programu ya maduka ya dawa, lilikuwa limesahihishwa, na jina lililoandikwa kwenye sahihisho lilikuwa la bosi huyo, Sabri Ghuneim. Sabri alijua fika kwamba hakuwa ameandika programu kwa miaka sita, tangu apewe umeneja na maisha yake yakawa vikao na barua pepe. Angesema kweli, yangeishia hapo. Akatabasamu.

"Mambo madogo hayo, binti yangu," akasema.

Tusimcheke upesi. Cairo kila fundi huitwa bashmuhandisi, yaani mhandisi mkuu, hata wa lifti, lakini Sabri alilipata jina hilo kwa jasho, na ilimuuma kusikia vijana wa ghorofa ya nne wakilitamka huku wakibana kicheko. Alikuwa amejaribu kujisomea. Alinunua vitabu, akajiandikisha masomo ya mtandaoni, akasinzia katika somo la pili. Yote aliyoyajua yalikuwa yamepitwa na wakati. Sasa waliliita jina lake kwa heshima tena, na heshima ile ilimlevya.

Kila adhuhuri, watu wakishuka kusali, kazi mpya ilitokea kwa jina lake. Aliisoma, asielewe hata mstari mmoja. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na kiti chake kikawa na joto kila alipokikalia, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Alhamisi aliwahi kurudi kutoka msikitini, akasikia vibonye vya kompyuta yake vikigongwa kwa kasi nyuma ya mlango, na alipouliza kwa kunong'ona ni nani, vikanyamaza kidogo, vikaendelea, na hapo Nihal akaita "Bashmuhandisi!" kutoka mwisho wa ukumbi, na kabla Sabri hajafumbua mdomo, sauti yake mwenyewe, ile ya ujana, isiyo na kikohozi wala uchovu, ikaitika kutoka ndani: "Naam."

Alimsimulia dada yake, naye akampeleka mtaa wa Imbaba kwa Sheikh Mitwalli, mzee anayewasomea waliopagawa. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Anaitika kwa jina gani?"

"Bashmuhandisi."

"Na wewe?"

Sabri alitazama zulia. "Hilo hilo."

"Kisomo nitakusomea," Sheikh akasema taratibu, "lakini jini huyu hakukuvamia, mwanangu. Ulipopokea shukrani isiyo yako, ulimpa jina. Nenda ukaseme mbele yao kwamba kazi ile si yako. Atakosa pa kukaa."

"Watanidharau, maulana."

"Watakudharau, ndiyo. Lakini watakuwa wanakudharau wewe."

Jumapili Sabri aliikusanya timu. Kabla hajaanza, Nihal aliomba radhi kwa niaba ya wote. Walikuwa wamemdhania vibaya, na sasa walitaka awafundishe anavyofanya. Wote walimkodolea macho kama watoto mbele ya peremende. Sabri alijichukia, akajua kabisa kwamba anajichukia.

"Nitawafundisha baada ya sala," akasema.

Aliporudi kutoka msikitini, wa mwisho kwa sababu miguu ilikuwa mizito, aliwakuta wote wamejaa ofisini mwake, wamempa migongo, wamekizunguka kiti, wanaandika na kucheka, na hakuna aliyejali ile harufu ya nywele zilizoungua iliyokuwa imetanda mpaka ukumbini, huku sauti ileile ya ujana ikieleza hatua kwa hatua, kwa subira, vizuri kuliko Sabri alivyowahi kueleza jambo lolote maishani mwake. Aliyekaa hakuonekana. Ilionekana mikono tu juu ya vibonye, yenye pete ya ndoa. Sabri alipapasa kidole chake, pete yake haikuwapo.

"Nihal," akaita.

Binti aligeuka. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mzee aliyekosea mlango.

"Karibu, Haji," akasema kwa upole. "Unamtafuta nani?"