Chupa Iliyooshwa Mno

Haya alinieleza dobi mwenyewe, mwaka jana mvua zilipokatika, tukikunja mashuka kibarazani kwangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia.

Dobi huyu hufua mashuka ya nyumba ya wageni. Mabomba ya mtaani yakikauka, hushuka mtoni na beseni lake. Karibu na daraja kuna bomba kubwa la kampuni ya majitaka. Zamani lilimwaga maji yaliyokwisha kusafishwa. Kisha mitambo ikaharibika, na wenyewe wakatia pamba masikioni. Mto ukawa mweusi. Ukaanza kunuka choo.

Kitindamimba wake, wa miaka mitatu, alizoea kuchezea maji mama akifua. Jumatatu alianza kuharisha. Alhamisi walimzika. Mwezi haujaisha, dada yake naye akalazwa hospitali, macho yamezama.

"Mke wangu, tuhame," alisema mumewe, fundi baiskeli. "Hapa tutamaliza watoto."

"Tuhamie wapi, baba? Bomba lile ndilo lihame."

Akapiga moyo konde, akaenda ofisi ya msaada wa sheria, kwa binti mwanasheria ambaye mtaa mzima humwita Miwani.

"Tutafungua kesi, mama," alisema Miwani. "Tutaomba zuio, yaani amri ya mahakama kwamba kampuni iache kumwaga uchafu. Lakini hakimu haendi kuunusa mto. Anataka ushahidi. Maji lazima yapimwe."

"Maji tu? Nitayapeleka maabara mwenyewe kesho."

Sasa, dobi ni dobi. Ampelekee mtu wa ofisi chupa chafu, aonekaneje? Aliisugua kwa dawa ya kung'arishia mashuka meupe, akabakiza kidogo ndani isije ikanuka. Ndipo akachota maji ya mto.

Majibu yakarudi: vijidudu hakuna.

Wakili wa kampuni aliisoma karatasi ile mahakamani, anatabasamu. "Mheshimiwa, ni matope tu. Matope hayaui mtu."

Hakimu akaahirisha kesi wiki mbili.

Walipotoka nje, Miwani aliuliza, "Mama, ulichotea nini?"

"Chupa safi kabisa, mwanangu. Niliisugua kwa dawa mpaka ikang'aa."

"Dawa ile inaua vijidudu, mama. Ushahidi wetu umeufua."

Dobi akakaa kwenye ngazi. "Basi nimemzika mwanangu mara ya pili."

"Bado, mama. Nisikilize. Maji ya kesi hachoti mtu peke yake. Tunamwita afisa wa afya. Anakuja na chupa za maabara, zimefungwa. Anachota mdomoni mwa bomba, na pia huko juu, kabla mto haujafika kwenye bomba, ili tofauti ionekane. Anaandika siku na saa. Mashahidi wanasaini. Chupa zinawekwa kwenye barafu, zinafika maabara siku hiyo hiyo. Wewe lete vyeti vya hospitali. Chupa usiguse."

"Hata kuifuta vumbi?"

"Hata kuitazama sana, mama!"

Dobi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilimtoka na machozi.

Wakafanya vile vile. Muuza mboga alisaini. Fundi baiskeli alisaini. Mlinzi wa daraja, asiyejua kuandika, akaweka dole gumba. Safari hii karatasi aliisoma hakimu mwenyewe: huko juu vijidudu vichache, mdomoni mwa bomba vimejaa tele. Amri ikatoka: bomba lifungwe ndani ya siku saba, mitambo itengenezwe, na mto upimwe kila mwezi mbele ya wakazi.

Siku ya saba lilifungwa. Tope jeusi lipo hadi leo, na maji ya kunywa bado wanayachemsha. Ila zahanati inasema watoto wanaoharisha wamepungua sana.

Siku ile bomba lilipofungwa, dobi alirudi nyumbani mchana. Binti yake, aliyekwisha kutoka hospitali, alikuwa amelala. Fundi baiskeli naye alikuwa anakoroma kwenye kiti.

Beseni lilikuwa limejaa mashuka ya watu. Dobi aliyatazama, akayaacha. Akajinyoosha kitandani ubavuni mwa binti yake, akamwekea mkono tumboni. Tumbo lilikuwa limetulia. Akahesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu. Ya kumi hakuifikia. Usingizi ulikuwa umemchukua.